Kuchagua Spika Ambayo Hujaisikia

Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani: michoro ya masanduku, orodha za vipuri, na grafu kadhaa zenye mistari ya rangi inayopanda na kushuka. Shemeji akaokota moja, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Hii ndiyo spika unayotaka kuunda?"

"Hiyo ni grafu yake."

"Na sauti yake umeisikia wapi?"

"Sijaisikia. Ni seti ya kujiundia. Inakuja vipuri vitupu, sauti inapatikana ukishamaliza kazi."

"Kumbe unachagua sauti kwa macho." Akavuta kiti, akaketi. "Tena wiki nenda wiki rudi unachagua tu. Mchagua jembe si mkulima, shemeji."

Methali nilimwachia, alikuwa na haki nayo. Lile la macho ndilo lililonikera. Nimekuwa nikilitafuna tangu siku ile, hasa usiku taa zikishazimwa: mtu anachaguaje sauti ambayo haijapata kuwapo?

## Sifa za watu

Spika iliyotoka kiwandani unaweza kuomba iwashwe. Unaketi, unapigiwa wimbo unaoujua tangu utotoni, unatikisa kichwa au unaaga. Seti haikupi nafasi hiyo. Wufa mbili za besi, twita mbili za sauti za juu, koili, kapasita, rizista, pamba ya kujazia, pengine na mbao zilizokwisha kukatwa. Zipange zote mezani, hazitoi hata mlio.

Kwa hiyo kila mtu huanza kwa kusoma walioiunda wanasemaje. Nami nilisoma, mpaka nikachoshwa na maneno yenyewe. Sauti ya joto. Sauti inayopumua. Waimbaji wanaosimama mbele yako chumbani. Seti ni ile ile, lakini huyu anasema besi yake inatikisa kifua na yule anasema besi hana kabisa. Sidhani kuna aliyedanganya. Yawezekana mmoja aliiweka kwenye kona ya chumba kidogo na mwingine katikati ya sebule kubwa, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja hilo.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisome sifa hizo kwa tahadhari. Mtu aliyekata mbao, akapaka gundi, akasugua msasa, akapiga rangi tabaka juu ya tabaka, kisha akaketi mbele ya kazi ya mikono yake, huyo hasikilizi spika.

Anajisikiliza.

Simcheki, maana hata waliozoea kupima spika wanapatwa. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walizipa spika alama kwa namna mbili: wakiziona, na zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Walipoziona, alama zilifuata macho. Hata kuisogeza spika mahali pengine ndani ya chumba, jambo linalobadilisha sauti kweli kweli, hakukuwagusa sana. Pazia liliposhushwa wakaanza kusikia tofauti ambazo muda wote zilikuwa mbele yao.

Nilipokumbuka jaribio hilo nilipumua kidogo. Anayechagua kwa macho si mimi peke yangu mwenye karatasi. Hata aliyeketi mbele ya spika inayolia anachagua kwa macho, ila yeye hajui.

## Vipuri

Walioshindwa kuamini sifa hukimbilia vipuri. Koni ya alumini au ya karatasi? Sumaku ya neodimu? Kapasita za polipropilini au za elektrolaiti? Asili ya spika haijabadilika tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waieleze mwaka 1925, yaani koili iliyo katikati ya sumaku ikisukuma koni, kwa hiyo kwa karibu miaka 100 mashindano yamekuwa kwenye vitu vinavyoshikika. Ukiwa na orodha mbili mkononi, yenye vipuri vya bei kubwa inaonekana ndiyo bora. Hesabu nyepesi, na inafariji.

Kilichonitoa huko ni seti mbili zilizotumia wufa moja na twita moja. Namba za modeli zilifanana mpaka herufi ya mwisho. Sanduku la moja lilikuwa jembamba kidogo, basi. Lakini grafu zao zilikuwa za spika mbili zisizojuana: moja ilivimba desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama nne pale pale zinapokaa sauti za waimbaji, nyingine ilipita hapo bila kelele.

Tofauti ilikuwa kwenye krosova, ile saketi ya koili, kapasita na rizista inayoigawia wufa sauti za chini na twita sauti za juu.

Upande wa besi na sanduku, kazi ngumu ilifanywa zamani. Neville Thiele aliandika kuhusu jambo hilo huko Australia mwaka 1961, Richard Small akaliendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo wufa inauzwa pamoja na namba zake. Ukiziingiza kwenye programu ya bure unaambiwa sanduku la lita kadhaa litakupa besi ya kufikia wapi. Sihitaji kumwamini mtu hapo. Naweza kukokotoa mwenyewe nikiwa na chai pembeni.

Krosova haikubali mkato huo. Ni lazima wufa na twita zifungwe kwenye sanduku lenyewe, ubao wa mbele uwe wa upana ule ule utakaotumika, zipimwe kwa maikrofoni kutoka mbele na kutoka pembeni, ndipo mbuni aanze kuchagua koili na kapasita. Anapima tena. Anasikiliza. Anabadilisha rizista moja, anapima tena. Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi waliokuwa Hewlett-Packard, ndio waliotupa mpangilio wa krosova unaobeba majina yao, uliochapishwa mwaka 1976, ambao sauti ya wufa na ya twita zinafika kwa pamoja na kujumlika bila shimo wala nundu pale zinapopokezana. Kwenye karatasi ni jambo la kurasa chache. Kwenye ubao wenye wufa na twita halisi, kila moja na ukorofi wake, ni kazi inayomaliza majuma ya mtu.

Majuma hayo ndiyo yanayouzwa ndani ya seti. Wufa unaweza kuinunua peke yake, mbao ziko kila mahali, gundi ni gundi. Nilipofika hapo nikaweka orodha za vipuri chini ya rundo, nikazitoa grafu juu, nikaanza kuuliza kila seti swali moja: aliyekubuni amekupima vipi, na amekubali kuonyesha nini?

## Mistari ile ile aliyoicheka shemeji

Grafu nayo ni kitu cha kuaminiwa kwa masharti. Jambo la kwanza la kutazama ni mizani iliyo ubavuni mwake. Ikianzia desibeli 0 hadi 120, hata mlima utaonekana uwanja. Mizani ya desibeli 50 haifichi mengi. Jambo la pili ni kulainishwa: programu za kupimia zinaweza kuupiga mstari pasi kwa theluthi ya oktavu (oktavu ni mitetemo ya sauti kuongezeka maradufu), na kila mkwaruzo ukatoweka. Mbuni mkweli huandika amelainisha kiasi gani. Asipoandika namshuku, ndivyo nilivyo.

Lakini utajiri uko kwenye vipimo vya pembeni.

Ukiwa umeketi chumbani, sehemu kubwa ya sauti unayoisikia haikutoka kwenye spika moja kwa moja mpaka sikioni. Imepitia ukutani, darini na sakafuni kwanza. Spika iliyonyooka ukiwa mbele yake, halafu ikaparaganyika ukisogea nyuzi 30 au 60 pembeni, itautuma mparaganyiko huo ukutani, na ukuta utakuletea. Tatizo lina mahali pake panapojulikana. Wufa ya sentimita 16 au 17 huanza kubana sauti mbele yake kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayohesabiwa kwa hezi, yanavyopanda, na karibu na hezi 2,000 jambo hilo linaonekana wazi. Twita yenye kuba la milimita 25, kwa masafa hayo hayo, bado inatawanya sauti kila upande. Zinapopokezana, sauti ya pembeni inaweza kufura ghafla ingawa ile ya mbele imetulia. Mbuni mzuri hushusha mahali pa kupokezana, au huizungushia twita bakuli la kuielekeza, ili mpito usishtue.

Hapa ndipo Toole alipolala na kuamka kwa miongo mingi, tangu akiwa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Wasikilizaji waliowekewa pazia, alionyesha, wanakubaliana kuliko tunavyodhani. Wanaipenda spika iliyonyooka mbele na inayoshuka taratibu, bila vituko, ukizunguka pembeni yake. Yale tunayoyaita masuala ya ladha, masikio ya kila mtu na yake, yanapungua sana majina na maumbo yakifichwa.

Kwa hiyo mistari inaweza kutabiri. Macho yana kazi hapa, mradi yasome mistari yenyewe na yaache rangi ya mbao.

Kuna grafu moja ndogo niliyoipenda kuliko zote. Wabuni wengine hugeuza makusudi waya za twita, chanya ikawa hasi, kisha wakapima upya. Ikiwa wufa na twita zilikuwa zinafika kwa pamoja, kuzigeuza kunazifanya zifutane, na mstari unatumbukia shimo refu hasa pale zinapopokezana. Shimo likiwa la kina na lenye kingo zinazolingana, jua kwamba kazi ya awamu, yaani kuyalinganisha mawimbi ya wufa na ya twita, ilifanywa, haikubahatishwa. Mbuni anaiharibu kazi yake mbele yako ili uone ilivyokuwa nzima. Kati ya seti tatu zilizobaki mezani kwangu, moja tu ilikuwa nayo.

Mstari wa omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, niliupitia haraka. Seti inaweza kuandikwa omu 8 na bado ikashuka karibu na 3 kwenye masafa fulani, jambo ambalo amplifaya ndogo hulilipia kwa joto. Na usikivu, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa umeme iliopewa, una ujanja wake wa kihesabu: unapimwa kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 8 ni wati 1 lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Wati mara mbili ni desibeli 3 zaidi, na hizo zinaandikwa kwenye tangazo kama sifa ya spika. Vyovyote vile, nguvu haikuwa tatizo langu. Spika ya desibeli 85 ikipewa wati 10 inafika desibeli 95 ukiwa umbali wa mita moja, na hapo majirani wamekwisha kukujua.

## Kila seti inakosa kitu

Josef Anton Hofmann, yule mwenye herufi ya mwisho katika jina la kampuni ya spika ya KLH, ndiye anayetajwa kwa kile watu wa spika wanachokiita sheria ya chuma. Sanduku dogo, besi ya kina, usikivu mkubwa: chukua viwili, cha tatu sahau. Hakuna mbuni aliyeikwepa. Wanatofautiana tu katika kipi wanakiacha, na kama wanakwambia.

Seti ya kwanza ilikuwa ya koni moja tu, ya sentimita kama 10, isiyo na krosova. Mantiki yake ni tamu: ikiwa ugomvi wote uko kwenye krosova, si iondolewe? Hakuna mahali pa kupokezana, sauti yote inatoka nukta moja, na waimbaji wanasikika kama watu. Nawaelewa kabisa wanaozipenda spika za namna hii. Grafu za pembeni ndizo zilizonirudisha nyuma. Koni hiyo moja ikipanda juu inabana sauti kiasi kwamba kiti kimoja ndicho kinachopata muziki mzima, na waliokaa kando yake wanapata mabaki. Kwetu sebuleni hatukai kwa foleni.

Ya pili ilikuwa mnara: wufa mbili, sanduku kubwa lenye tundu la hewa nyuma, besi ya kufikia hezi 35. Niliitamani, sitaficha. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne unavuma kwa hezi 41, na kitufe cha mwisho cha piano kwa hezi 27.5. Nilitaka kuusikia ule waya mzima, na nilikuwa na hoja ya kitaalamu mkononi: utabiri wa Olive wa mwaka 2004, uliojengwa juu ya majaribio ya pazia, uliipa besi karibu asilimia 30 ya uzito wote wa mapendeleo ya watu. Asilimia 30 si kitu cha kubeza.

Ya tatu ilikuwa ndogo, iliyofungwa kabisa, isiyo na tundu, ikianza kushuka mapema karibu na hezi 60. Ndiyo iliyokuwa na grafu ya shimo. Sanduku lililofungwa ni wazo ambalo Edgar Villchur alilifanyia biashara tangu mwaka 1954 kwa kampuni ya Acoustic Research: hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi ya springi na kuirudisha koni mahali pake. Lina heshima moja ambayo watu husahau. Besi yake ikishaanza kushuka, inashuka polepole, desibeli 12 kwa kila oktavu, ilhali ya sanduku lenye tundu inaporomoka kwa 24, na chini ya hapo koni inabaki inapunga hewa bila wa kuizuia.

Mnara au kile kidogo? Nilibadilisha mawazo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika. Asubuhi mnara, jioni kile kidogo. Hoja zote za mnara zilikuwa za kweli.

## Ukuta

Kilichoamua hakikuwa kwenye grafu yoyote. Kilikuwa ni sentensi fupi katikati ya maelezo ya mbuni wa mnara: spika hii imekusudiwa kusimama mita moja kutoka ukuta wa nyuma.

Mita moja.

Sauti za chini huizunguka spika na kwenda kila upande, za juu hutupwa mbele tu. Mpaka kati ya tabia hizo mbili unategemea upana wa ubao wa mbele. Gawanya 115 kwa upana huo kwa mita: ubao wa sentimita 20 unakupa takriban hezi 575. Chini ya hapo, spika iliyosimama peke yake mahali pa wazi hupoteza hadi desibeli 6 upande wa msikilizaji, kwa kuwa sauti imekwenda nyuma. Mbuni hulifidia ndani ya krosova kwa kuzishusha sauti za kati na za juu zilingane na zile za chini. Sasa ichukue spika hiyo uibandike ukutani. Ukuta unairudisha sauti iliyokuwa ikipotea, fidia inapandishwa juu ya fidia, na kila mwimbaji wa kiume anaimba akiwa na mafua.

Ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini wale waliosifu spika zao hapo mwanzo walipingana. Kila spika ina mahali ilipofikiriwa. Ile spika LS3/5A ya BBC, ya miaka ya 1970, sanduku la lita kama 5 lililofungwa, ilibuniwa kwa ajili ya mafundi waliobanana kwenye magari ya kurushia matangazo ya nje, ambako hakuna nafasi ya kitu kikubwa na besi nzito ingekuwa kero. Miaka mingi baadaye watu wanaiweka majumbani na kubishana kama ina besi ya kutosha. Haikuahidi.

Nikachukua futi ya kupimia. Mnara ningeweza kuusogeza mpaka uso wake uwe sentimita 60 kutoka ukutani, zaidi ya hapo unaziba njia. Sauti inayorudi kutoka ukutani humkuta mwenzake ikiwa imechelewa, na inapochelewa kwa nusu ya wimbi zinafutana. Kwa umbali wa sentimita 60 hilo hutokea karibu na hezi 143, yaani katikati kabisa ya besi na sauti ya mwanamume. Tundu la hewa nalo liko nyuma. Na chumba chenyewe kina urefu wa mita 4, kwa hiyo kitapenda kuvuma kwa hezi 43 hata nisipokiomba. Ile besi ya kina niliyokuwa nikiitamani ingefika kwangu ikiwa na shimo huku na kilima kule, na mimi ningeilaumu spika.

Kile kidogo kingekaa kwenye rafu ya vitabu, uso wake ukiwa sambamba na migongo ya vitabu. Hapo spika inakaribia kuwa sehemu ya ukuta, shimo la sentimita 60 halipo, na zile desibeli zilizokuwa zikikimbilia nyuma zinabaki chumbani. Mbuni wake alikuwa ameliona hilo. Ametoa thamani mbili za koili moja na rizista moja: hizi ukiiweka mahali pa wazi, hizi ukiiweka rafuni. Mstari mmoja tu wa maelezo, lakini ulinionyesha mtu aliyekaa akawaza spika yake itakwenda kuishi wapi.

Asilimia 30 za Olive bado zipo. Ukuta utarudisha baadhi. Zilizobaki, siku moja sabwufa, spika ya besi tupu, itazifuata.

## Mikono

Kuna seti zinazokuja na masanduku yaliyokwisha kukatwa kwa mashine, unapaka gundi na kubana kwa jiliwa. Nyingine ni vipuri na michoro, mbao ujue mwenyewe. Mimi nimechukua bila mbao, na sina hoja nzito. Napenda kukata. Anayetaka kusikiliza muziki mapema achukue zilizokatwa, na asimruhusu mtu yeyote amwambie hajaunda.

Ila nimejiwekea mipaka. Vumbi la MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni laini na lina gundi yenye fomaldehaidi ndani yake, kwa hiyo barakoa na kazi ifanyike nje. Koili za krosova hazipangwi bega kwa bega zikitazama upande mmoja, maana zitaambukizana. Moja inalazwa, nyingine inasimamishwa, na zinaachiwa nafasi. Urefu na kina cha sanduku naweza kuvichezea mradi lita zisibadilike. Ubao wa mbele siugusi: upana wake, mahali pa twita, umbali wake kutoka kwa wufa, kingo zake. Huo ni sehemu ya krosova kama ilivyo kapasita, ingawa umetengenezwa kwa mbao. Anayeupanua sentimita tano ili upendeze ni kama aliyeipa nguo mabega mapya baada ya fundi kumpima.

Na siweki twita "iliyo bora zaidi". Nimeona watu wakifanya hivyo katika juma la kwanza, kwa nia njema kabisa, na kugeuza majuma yote ya mbuni kuwa waya na vyuma.

## Agizo

Nimeagiza ile ndogo, iliyofungwa, kwa thamani za rafuni.

Vipuri vikifika, wufa zitaanza kwa betri ya volti 1.5: ikigusishwa, koni ikisogea mbele, alama ya chanya iko mahali pake. Twita sizipimi hivyo, ni laini mno. Krosova nitailehemu kwenye kibao na kuiacha nje ya sanduku kwa muda mrefu, waya zikipita kwenye kitundu cha nyuma ambacho nitakiziba kwa muda, hata kama nyumba itaonekana karakana. Sababu ni kwamba mbuni ameacha mlango mmoja wazi. Rizista iliyotangulia twita inaweza kuwa ya omu 2.2, 2.7 au 3.3, kulingana na chumba kilivyo na mazulia na mapazia mangapi. Kutoka moja hadi inayofuata ni tofauti ya kama nusu desibeli. Ni ndogo, lakini imetandazwa juu ya twita nzima, kwa hiyo inasikika.

Nimeagiza zote tatu. Mwanangu mkubwa, ambaye mambo haya hayamhusu hata kidogo, amekubali kuzibadilisha nikiwa nimetoka chumbani, bila kuniambia ipi ni ipi. Mimi nitaandika alama. Ameuliza kama kuna malipo.